Heroe wa Gunia

Kuvaa ndege si jambo geni Bonde la Ufa. Vijana wa Kimaasai waliotoka jandoni walijivika taji la ndege wadogo waliowapiga mishale wenyewe, wakawakausha na kuwapanga kuzunguka kichwa. Wamaasai hao ndio waliochunga nyanda zetu kabla ya mkataba wa 1904 na Waingereza kuwaondoa.

Nilipoanza kufundisha ngoma za tamasha la drama hapa Ndabibi, uwindaji ulikuwa marufuku nchini Kenya tangu 1977. Manyoya halisi hatukuyagusa. Maleba yetu yalikuwa mifuko ya plastiki ya waridi, iliyokatwa vipande virefu na kushonewa fulana. Tulimchagua heroe kwa sababu alikuwa jirani: ziwa dogo la Oloidien lilikuwa limejitenga na Ziwa Naivasha, maji yake yakageuka ya magadi, na miaka ile ya 2000 heroe wadogo wakaja kwa maelfu kula mwani.

Kazi kubwa ilikuwa shingo. Tuliifinyanga kwa magazeti na uji wa ngano, tukaisimamisha juu ya kofia. "Mwalimu, inanivuta nyuma," watoto walilalamika, nao walicheza kama wabeba mitungi. Basi tukarudi ziwani kutazama. Heroe anapokula hupindua kichwa, mdomo wa juu ukawa chini. Shingo isiyopinda haiwezi kumlisha. Tukashusha uzito wote kiunoni kwa fito na mikanda ya mabegi makuukuu. Mpira wa maji tuliukata pete, tukapitisha ndani kebo ya breki ya baiskeli, na mtoto akawa anainamisha shingo kwa kidole. Mara ya kwanza shingo ile ilipoinama, wenzake waliacha kuimba wakatazama. Mimi pia.

Agosti 2017 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Tulihamia nyuzi za magunia ya katani na vitambaa vilivyobaki kwa fundi wa cherehani, tukavitia rangi kwenye sufuria. Nashukuru kwa hilo: plastiki ilichakarisha na kufunika sauti za waimbaji, ilhali katani hutulia na kuanguka kama unyoya. Tena huchukua rangi kwa viwango, kwa hiyo watoto walitaka vifaranga wa kijivu. Walikuwa wamejifunza kwamba uwaridi wa heroe hutokana na chakula, hazaliwi nao.

Mwaka 2020 Ziwa Naivasha lilifurika, maji baridi yakaingia Oloidien, magadi yakapungua na heroe wakahama. Siku hizi ndege tunawafuata Ziwa Elmenteita, daftari mkononi, kabla ya mtu kushika makasi. Huwa nawaambia waanze na miguu, kwa maana kile kiungo kinachopinda kinyumenyume si goti bali kifundo cha mguu, na mchezaji asiyejua hivyo hukosea hatua zote. Mwaka huu wasichana wawili wanajaribu kuunda mabawa yanayokunjika.