Mistari myekundu katika hati ya wakfu

Tangu tukabidhiwe ukatibu wa kamati ya msikiti, kazi yetu kubwa imekuwa ni karatasi: mihtasari, barua, na mwaka huu hati ya wakfu wa shamba la minazi alilolitoa Bibi mmoja wa mtaani kwetu. Hati hiyo ilizunguka kwa barua pepe baina yetu na mhazini, kila mmoja akiongeza lake.

Kompyuta ya mhazini imepangwa kwa Kiingereza. Kila alichokichapa kilihesabiwa kuwa ni Kiingereza, kwa hiyo kikapigiwa mstari mwekundu: wakfu, msimamizi, hata Bismillahi. Siku Mzee mwenyekiti alipokuja kuisoma kwenye skrini, alivua miwani akauliza, "Mwanangu, ni nani aliyenisahihisha hivi, kama daftari la mtoto wa madrasa?" Maneno yale aliyatamka yeye, nasi tukayaandika. Tuliona haya. Badala ya kumweleza, tulifungua mipangilio ya Word, tukaamuru alama za makosa zifichwe katika waraka ule. Ukurasa ukawa mweupe, Mzee akaridhika.

Amri ile huhifadhiwa ndani ya waraka wenyewe, hivyo ilimfuata mhazini hadi kwake. Akachapa upya kifungu cha pili, akidhani kuwa weupe ule ni dalili ya usahihi. Nasi tukadhani vivyo hivyo, na hilo twalikiri bila ya kumsingizia mwenzetu.

Siku ya kutia saini, Bibi, ambaye macho yake hayasomi tena, alitaka asomewe. Tulipofika kifungu cha pili akainua mkono. "Soma tena hapo, mjukuu wangu."

Tukasoma: "Shamba hili litauzwa, halitatolewa zawadi, wala halitarithiwa."

Silabi moja ilikuwa imeanguka. Aliyesoma habari ya ardhi ya Sayyidna Umar kule Khaybar, Allah amridhie, anajua uzito wa silabi hiyo.

Tuseme haki: mstari mwekundu usingetuokoa hapo, maana "litauzwa" ni neno sahihi la Kiswahili. Kilichotuponza ni ule weupe. Tuliuamini, tukaacha kuisoma hati kwa sauti sisi wenyewe kabla ya kumfikia mwenye mali.

Bibi alisubiri tuchape upya. Kisha akataka tuanze tena tangu Bismillahi, ndipo akatia dole gumba.

Sasa waraka ukifika kwetu, kwanza tunauteua wote na kuupangia Kiswahili kuwa lugha ya ukaguzi, kwani mpangilio huo husafiri pamoja na maandishi. Ibara za Kiarabu twaziwekea alama ya kutokaguliwa. Majina ya watu ndiyo yenye taabu. Ukiliongeza jina katika kamusi ya kompyuta yako, kamusi hiyo hubaki kwako. Ndiyo maana Mwanakombo ametulia kwetu na ni mwekundu kwa mhazini, naye sasa anapiga simu kuuliza kabla ya kugusa. Simu hizo hutujia hata baada ya Isha, wala hatulalamiki.

Kwa Mzee mwenyekiti bado tuna deni la maelezo. Ijumaa anakuja kusoma muhtasari, na safari hii tumeiacha mistari ionekane.