Ilikatika au Ilikatwa?

Msikiti wetu hapa Morogoro una Land Rover kuukuu, toleo la Series III, aina iliyoundwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985. Ndiyo ibebayo jeneza tunapokwenda kuzika Kiroka, Mkuyuni na hata Matombo, upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru, ambako mvua ni nyingi na barabara ni ya kupanda na kushuka. Tope la miaka mingi limeziachia boliti zake kutu isiyo na simile.

Masika iliyopita breki ya gurudumu moja la nyuma ilipungua nguvu. Fundi wetu, mzee ambaye pia ni mjumbe wa kamati, alibaini kuwa sili ya habu imechoka na mafuta ya eksli yanavujia kwenye breki. Ili kuifikia sili, ilipasa kwanza kuchomoa shafti, iliyofungwa kwenye habu kwa boliti 6. Siku ya Alhamisi aliliegemeza gari juu ya vigingi imara, kwa kuwa jeki peke yake si ya kuaminiwa. Akazisugua boliti kwa brashi ya waya, akazidondoshea mafuta ya kulegeza kutu, kisha akasema, "Ustadh, ziacheni zilale. Kesho kabla ya Ijumaa tutakuwa tumemaliza, inshaallah."

Baada ya Magharibi ikaja habari ya msiba: maziko kesho alasiri, Mkuyuni. Tukajiambia kuwa kuharakisha maziko ndiyo mafundisho ya dini yetu. Vipi tusubiri kutu? Tukamwita kijana mmoja wa madrasa, tukampa spana na bomba refu la kuongezea nguvu. Alisita. Tukamhimiza. Boliti ya kwanza ilizunguka kwa ulaini, tukafurahi. Kumbe kichwa chake kilikuwa kimebaki ndani ya spana.

Asubuhi mzee hakugomba. Alituonesha kwamba magari ya namna ile yana boliti za vipimo vya inchi: boliti ya inchi 9/16, kwa mfano, ni kama milimita 14.3, hivyo spana ya 14 haiingii na ya 15 inapwaya. Akachukua spana yake, akazigonga boliti 5 zilizosalia kwa nyundo, wima juu ya kichwa. Kila moja aliikaza kidogo kwanza ili kutu ipasuke, ndipo akaifungua. Ilipoanza kugoma aliirudisha, akaongeza mafuta, akaifungua tena. Zote 5 zikatoka salama. Kile kisiki kilimshikilia hadi alasiri, kwa koleo na subira. Msiba tuliupeleka kwa gari la kukodi, kwa fedha zilizochangwa kwa ajili ya mabati ya madrasa.

Kikao kilichofuata tulisoma muhtasari wetu: "Boliti ilikatika wakati wa matengenezo, ikalazimu kukodi gari." Mzee akauliza kwa upole, "Ustadh, ilikatika au ilikatwa?"

Tulikaa kimya. Sisi tuliosomea lugha na dini chuoni tulijua vema kwamba kitenzi cha kwanza hakimtaji mtendaji wala hakimhitaji. Na pale tulipomficha mtendaji, watu walikuwa wamekwisha kumtafuta: msikitini ilisemwa kuwa yule kijana ni mharibifu, naye kwa wiki nzima alikuwa akiswali safu ya nyuma na kuondoka mapema.

Tukaifuta sentensi, tukaandika: "Katibu, baada ya kuonywa asubiri, aliamuru boliti ifunguliwe kwa nguvu, ikakatwa. Kijana alitii tu. Gharama ni juu ya Katibu."

Fedha ya mabati tunairejesha kidogo kidogo. Kwa kijana tulikwenda nyumbani kwao, tukamwomba radhi mbele ya wazazi wake. Alitusamehe, akauliza kama mzee angemkubali kuwa mwanafunzi wake. Siku hizi, kila Jumamosi, yuko chini ya gari pamoja naye.