Kutoka Kwenye Kifusi Hadi Kwenye Kifungu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliikariri shuleni, nikaisahau, nayo ikanirudia kazini nilipokuwa mhandisi wa mkandarasi katika ujenzi wa barabara.

Tulikuwa tukichimba njia mlimani tulipokumbana na mwamba ambao ripoti ya udongo haikuutaja. Mhandisi mshauri aliyemwakilisha mwenye mradi alifika, akautazama, akatamka maneno machache, akaenda zake. Tukalipua mwamba kwa majuma kadhaa. Mkataba wetu ulifuata Kitabu Chekundu cha FIDIC, Shirikisho la Kimataifa la Wahandisi Washauri, toleo la mwaka 1999. Kifungu cha 20.1 humtaka mkandarasi atoe notisi ya dai katika siku 28 tangu alipolijua jambo lenyewe. Akichelewa, haongezewi muda wala malipo. Kuiandika notisi hiyo ilikuwa kazi yangu. Mimi na baruti zangu tuliona barua kuwa shughuli za makarani. Sikuiandika.

Shauri lilipofika mbele ya msuluhishi, tegemeo letu lilibaki kwa nyapara wetu, mzee aliyetoa ushahidi kwa Kiswahili: "Mhandisi alisema tuendelee." Mkalimani akatafsiri kwamba tuliruhusiwa. Wakili wetu akapinga: tuliagizwa! Ninyi mnaosoma sarufi mnajua kwamba ile -e ya mwisho hubeba yote mawili, agizo na ruhusa. Sisi tulikuwa tukipigania fedha juu ya irabu moja, kwa kuwa anayeagizwa hulipwa kazi ya ziada, ilhali anayeruhusiwa hujibebea gharama. Msuluhishi alishika ruhusa. Dai letu jingine likazimwa na zile siku 28. Fundi wa baruti tuliyemkodi hakulipwa sehemu kubwa ya ujira wake. Aliuza lori lake.

Mwaka uliofuata nilijisajili kusomea sheria. Wenzangu walidhani nimezikimbia hesabu, kumbe hesabu hazikuniacha: anayeamua migogoro ya ujenzi asiyeweza kuisoma ratiba ya kazi hupotezwa na kila wakili.

Siku hizi mimi mwenyewe huketi kuwa msuluhishi. Sheria ya Usuluhishi ya mwaka 1995 huwaachia wahusika wakubaliane kuhusu lugha ya shauri. Katika mashauri yote niliyosikiliza wamechagua Kiingereza, ingawa Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Hata hivyo, mafundi na manyapara hufika na Kiswahili chao. Hapo humwomba mkalimani angoje kidogo, nikamwuliza shahidi mwenyewe: "Alipokuambia muendelee, mngaliweza kukataa?" Mara nyingi jibu huanza kwa kicheko.

Nyapara wetu yungali hai. Tukikutana huniita Injinia. Sijapata kumweleza kwamba barua ile nilipaswa kuiandika mimi.