Fimbo Yenye Kichwa cha Fedha

Mzee wa miaka 74, tena mwalimu mkuu mstaafu, hategemewi kushika kalamu kuitetea sinema ya mtu anayegeuka mnyama. Najua. Wajukuu wangu wamekwisha kunicheka, na msomaji ana ruhusa ya kucheka nao. Lakini nilipoitazama sinema hiyo mara ya pili, nyumbani kwangu, niliona jambo ambalo mara ya kwanza lilinipita. Na kwa kuwa lilinigusa penye kidonda, sioni haki kulinyamazia.

Sinema yenyewe inaitwa The Wolfman. Iliongozwa na Joe Johnston na ilitoka mwaka 2010. Mambo yanatukia katika kijiji cha Blackmoor, Uingereza, mwaka 1891. Lawrence Talbot, mwigizaji wa jukwaani anayechezwa na Benicio del Toro, anarudi kwa baba yake, Sir John, baada ya ndugu yake kuraruliwa na kiumbe kisichojulikana. Usiku mmoja naye anang'atwa. Na tangu hapo, mwezi unapokuwa mpevu, anageuka nusu mtu nusu mbwa mwitu na kuua watu asiowajua. Kuna jumba kubwa lililochakaa, ukungu, mishumaa na makaburi: vitu vyote vya hadithi za kutisha za Kizungu za zamani.

Watazamaji waligawanyika. Gharama zake zinakadiriwa kufikia dola milioni 150, na mapato ya dunia nzima hayakufika hapo. Mwongozaji wa kwanza, Mark Romanek, aliondoka muda mfupi kabla ya kazi ya kupiga picha kuanza, na wasioipenda walisema pengo hilo linaonekana. Lakini kosa kubwa walilolitaja ni hili: mtazamaji anamtambua mnyama wa kwanza mapema mno. Ni baba. Anthony Hopkins anapotabasamu peke yake gizani, nani asiyejua?

Mara ya kwanza nilikuwa upande wao. Mjukuu wangu aliileta diski, tukaiweka kwenye deki, sebule ikajaa vijana wa jirani. Lawrence alipokufa mwishoni walilalamika, maana kwa desturi ya watazamaji wetu steringi hafi. Nami nikatoa hukumu kama ninayesahihisha insha: siri imefichuka mapema, alama 40 kwa 100.

Mara ya pili nilikuwa na mwanangu wa kwanza, baba yake kijana huyo, aliyekuja kunijulia hali nilipokuwa nasumbuliwa na miguu. Hatukuwa na mazungumzo mengi. Hatujapata kuwa nayo. Tukatazama toleo refu, lenye dakika 17 hivi za ziada. Humo mna mzee mmoja ndani ya treni, anayechezwa na Max von Sydow, anayempa Lawrence fimbo ya kutembelea yenye kichwa cha mbwa mwitu cha fedha.

Fimbo hiyo ina historia. Sinema ya 2010 ilijengwa juu ya nyingine ya mwaka 1941, iliyoandikwa na Curt Siodmak, Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyeihama nchi yake baada ya Hitler kushika madaraka. Katika sinema hiyo ya kwanza, baba anampiga mnyama kwa fimbo yenye kichwa cha fedha mpaka anakufa. Kisha manyoya yanatoweka, na baba anaona kwamba aliyemuua ni mwanawe.

Ninalo la kukiri kuhusu fimbo. Nilikuwa mwalimu wa henzirani. Baba yangu alinichapa, walimu wangu walinichapa, na nilipotoka chuo cha ualimu nikaendeleza, nikiita malezi. Mwaka 1986 mwanangu huyu alisoma shuleni kwangu. Asubuhi moja alituhumiwa kuiba fedha za mwenzake. Nilimchapa mstarini mbele ya shule nzima, mara mbili ya kiasi cha kawaida, ili asiwepo wa kusema ninapendelea wangu. Baada ya wiki moja ilijulikana kwamba si yeye. Sikumwomba radhi. Mwalimu mkuu, nilijiambia, haombi radhi kwa mtoto.

Sasa mtazame Sir John. Aling'atwa zamani, katika milima ya India, na kwa miaka mingi alikubali mtumishi wake, Singh, amfungie ndani kila mwezi ulipokuwa mpevu. Halafu ikafika siku akaacha kukubali. Akaanza kumwona mnyama wake kuwa ni nguvu, hata ni fahari ya mwanamume. Kwangu kitisho cha sinema hii ni hapo. Kuwa na mnyama ndani ni msiba. Kuacha kuomba ufungiwe ni uamuzi.

Kwa sababu hiyo silihesabu tena kuwa kosa jambo la siri kujulikana mapema. Lawrence alipokuwa mtoto alimwona baba yake amempakata mama aliyekufa, kisha akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ili aamini kwamba hakuona alichokiona. Mtoto wa nyumba ya namna hiyo hahitaji mpelelezi; anajua tangu zamani. Tunachongojea ni kuona lini atakubali anachokijua.

Na wako wengine wasiotaka kujua. Katika hospitali hiyohiyo, miaka mingi baadaye, daktari anamfunga Lawrence kwenye kiti mbele ya wasomi ili athibitishe kwamba mwezi haumfanyi kitu. Anahutubia, anawatazama wasomi wenzake, na nyuma yake mgonjwa anabadilika. Chuoni tulikatazwa kulipa darasa mgongo kwa muda mrefu. Sijapata kuona somo hilo likifundishwa vizuri zaidi.

Sidai kwamba haina dosari. Baba na mwana wanapopigana mwishoni, wote wawili wana manyoya na wanarukaruka kama mbuzi waliofunguliwa kamba, nilitaka kucheka. Mapenzi ya Gwen na Lawrence yanakua upesi mno. Lakini uso wa Lawrence akiwa mnyama, uliotengenezwa na Rick Baker na Dave Elsey waliopata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2011, una macho ya mtu anayeona haya. Na pigano lenyewe, pamoja na kasoro zake, linaigeuza hadithi ya 1941: safari hii ni mwana anayemuua baba. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lawrence analijua hilo, na Gwen anapompiga risasi ya fedha, anakufa akimshukuru.

Sinema ilipokwisha tulikaa kimya. Nikamuuliza mwanangu kama anaikumbuka ile asubuhi ya mstarini.

"Naikumbuka, Baba."

"Sikupata kukuomba radhi."

"Hukupata."

Nikamwomba, nikiwa nimechelewa miaka mingi. Hakuniambia kwamba yamekwisha, wala sikutegemea aseme. Alichosema ni kwamba nyumbani kwake hakuna fimbo, na kwamba aliamua hivyo siku mwanawe wa kwanza alipozaliwa. Huyo ndiye kijana aliyeniletea diski. Nilikuwa nimemjua miaka yote bila kujua kwamba hajapata kuchapwa.

Kwa hiyo, msomaji, ukikutana na sinema hii, tafuta toleo refu, uitazame jioni isiyo na haraka. Usihangaike kumtafuta mnyama ni nani, utamjua mapema. Mwangalie baba, hasa pale anapoacha kuufunga mlango wake. Na kama unao mtoto mkubwa aliye karibu, mwite mtazame pamoja.