Mtoto Ambaye Hakuwamo kwenye Utafiti

Nilimnyima mtoto maji aliyoyahitaji, na nilifanya hivyo nikiamini kabisa kwamba namwokoa.

Mimi ni tabibu. Wakati huo nilikuwa nikifanya kazi katika kituo kimoja cha tiba huku Masama, ubavuni mwa Kilimanjaro upande wa wilaya ya Hai, ambako barabara inapanda kutoka Kwa Sadala ikipita katikati ya migomba na kahawa. Kituo sikitaji, kwa sababu kosa halikuwa lake. Dripu zilikuwepo, dawa zilikuwepo, na muuguzi mwenye uzoefu alikuwepo. Kosa lilikuwa langu peke yangu, na lilianzia kwenye kusoma.

Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, uzito kilo 9. Mama yake na bibi yake walimleta usiku, wakati wa masika, baada ya kuharisha na kutapika tangu siku iliyotangulia. Alikuwa na homa pia. Macho yalikuwa yamezama, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama, mikono na miguu baridi, na ukimbonyeza ukucha rangi inachelewa kurudi. Hakuwa na nguvu ya kunyonya, wala ya kulia. Muuguzi wa zamu, mama aliyenizidi umri kwa mbali, alikuwa ameshapata mshipa na kutundika chupa ya maji ya Ringer kabla sijafika kitandani.

"Daktari, huyu ni Mpango C," aliniambia.

Kila aliyepita chuo cha tiba nchini anaujua Mpango C. Mtoto aliyepungukiwa sana na maji kwa kuharisha, kama ametimiza mwaka mmoja, anapewa mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa, kisha mililita 70 kwa kila kilo ndani ya saa mbili na nusu. Kwa kilo 9 ni mililita 270 za mwanzo, halafu 630. Hesabu hiyo niliijua kwa ghibu. Hata hivyo nilinyoosha mkono nikaibana dripu, ikabaki kudondosha tone moja moja.

"Sista, mambo yamebadilika," nikamwambia, mbele ya mama wa mtoto na mbele ya mhudumu. "Utafiti umeonyesha kwamba maji ya haraka yanaua watoto. Tumpe ya kawaida tu."

Nikapanga apate mililita 36 kwa saa. Kwa mwendo huo, zile mililita 900 ambazo Mpango C unataka ziingie kwa saa tatu zingeingia kwa siku nzima na zaidi, na mtoto alikuwa akizidi kuharisha mbele yetu.

Utafiti niliokuwa nautaja upo kweli, na ni miongoni mwa tafiti kubwa zilizowahi kufanywa Afrika kuhusu tiba ya watoto mahututi. Unaitwa FEAST. Uliongozwa na Profesa Kathryn Maitland, daktari wa watoto anayefanya kazi Kilifi nchini Kenya, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011 katika jarida la New England Journal of Medicine. Hospitali sita zilishiriki: Kilifi, nne za Uganda, na Hospitali Teule ya Muheza, mkoani Tanga. Watoto wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa maji yenye albumini kwa haraka, la pili maji ya chumvi kwa haraka, na la tatu halikupewa maji ya haraka, likaendelea na dripu ya polepole. Makundi yote matatu yalipata dawa za kuua vimelea na huduma nyingine kama inavyotakiwa.

Maji ya haraka ndiyo yaliyokuwa yakifundishwa kwa mtoto mwenye mshtuko wa mzunguko wa damu, na wengi walitarajia yangeokoa maisha. Ikawa kinyume chake. Kufikia saa ya 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa maji ya chumvi, na asilimia 7.3 ya wale ambao hawakupewa maji ya haraka. Yaani katika kila watoto 100 waliopewa maji ya haraka, watatu zaidi walikufa. Usajili ulisimamishwa Januari 2011 kwa ushauri wa kamati iliyokuwa ikifuatilia usalama wa watoto hao, wakati waliosajiliwa wamefika 3,141 kati ya 3,600 waliokusudiwa. Ni kazi ya heshima kubwa, na naamini kuna watoto wengi walio hai leo kwa sababu yake.

Lakini mimi haya yote sikuwa nimeyasoma. Nilichokuwa nacho ni picha kwenye simu. Mwenzetu mmoja katika kundi la WhatsApp la watu wa afya alipiga picha sehemu ya mwisho ya ikisari, lile hitimisho, akalipigia mstari mwekundu: maji ya haraka yaliongeza vifo vya watoto mahututi katika hospitali za Afrika zenye uhaba wa vifaa. Chini yake akaandika kwamba Muheza nayo ilikuwamo. Hilo la Muheza ndilo lililonimaliza. Tumesomeshwa tiba miaka mingi kwa tafiti zilizofanywa kwa watoto wa London na Boston, na huu ulikuwa utafiti wa kwetu. Niliona fahari. Niliisambaza picha ile kwa wenzangu wa Hai na wa Moshi mjini, na tangu hapo nikajifanya mkumbushaji wa wengine.

Sentensi iliyomhusu yule mtoto ilikuwa kwenye ikisari hiyohiyo, juu kidogo ya pale picha ilipokatwa. Inasema kwamba watoto wenye utapiamlo na wale wenye ugonjwa wa kuharisha hawakuingizwa kwenye utafiti. Watafiti hawakuificha; wameiweka wazi mahali ambapo msomaji yeyote angeiona katika dakika moja. Na ukitulia ukafikiri, sababu inaeleweka. Mtoto anayeharisha anamwaga maji na chumvi huku tukimtazama, na kinachomuua ni huko kukaukiwa. Mwenye malaria kali au maambukizi ya damu ana mikono baridi vilevile, lakini kilichomfikisha hapo ni kitu kingine. Mimi niliona mikono baridi na homa nikasema ni walewale.

Muuguzi alinirudia mara ya pili, akaniambia mtoto hajakojoa. Nikamjibu kwa ukali kwamba tufuate ushahidi. Alfajiri mtoto alipoacha kuitika hata akifinywa, muuguzi alitoka nje akampigia simu daktari mmoja wa juu yetu, kisha akaniletea simu sikioni. Daktari aliniuliza swali moja tu: mtoto anaharisha? Nikasema ndiyo. Akasema fungua dripu sasa hivi.

Zikaingia mililita 270 kwa nusu saa. Mapigo yalikuwa bado dhaifu, tukarudia kiasi hichohicho kama mwongozo unavyoruhusu. Kulipopambazuka alifumbua macho. Alipelekwa Moshi kwa sababu figo zilikuwa zimetikisika, akalazwa, na kwa rehema za Mungu akapona.

Sehemu inayofuata ni ngumu zaidi kuiandika. Asubuhi ile nilimwambia bibi yake kwamba ugonjwa ulikuwa mkali sana na tumepambana usiku kucha. Kwenye faili niliandika kwamba alipewa maji kulingana na hali yake. Mtoto aliporudi nyumbani, bibi aliniletea mkungu wa ndizi. "Mungu akubariki, mwanangu," akasema, nami nikaupokea, nikaitikia. Muuguzi aliyemwokoa yule mtoto alikuwa amesimama hapohapo. Nilikuwa nimemkaripia mbele ya watu, na sikumwomba radhi hata faraghani.

Nilikuja kuutafuta utafiti mzima ili nijitetee iwapo nitaulizwa. Naungama na hilo pia: haikuwa kiu ya elimu. Niliupata bila kulipa senti. Ndani yake niliona mambo niliyoyaruka kwa haraka yangu. Zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa na malaria. Karibu theluthi moja walikuwa na upungufu mkubwa wa damu, hemoglobini chini ya gramu 5 kwa desilita. Hao ni watoto wa Muheza, na wa Mbale na Soroti huko Uganda, kwenye joto na mbu wengi. Watoto tunaowapokea huku juu, kwenye baridi ya mlima, si lazima wawe na maradhi hayohayo, hata kama wote ni Waafrika na wote wana homa. Nilikuwa nimeridhika kwa sababu utafiti ulikuwa wa Tanzania. Kumbe nilipaswa kuuliza ni watoto gani wa Tanzania.

Nikiwa katika kutafuta huko nilikutana na utafiti mwingine uliofanyika Moshi hapa chini, ambao miaka yote sikuwahi kujua kwamba upo. Mtafiti John Crump na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, wakachapisha mwaka 2013. Wagonjwa 528 walikuwa wameandikiwa malaria. Vipimo vilipokamilika, malaria ilikuwa chanzo cha homa kwa watu 14 tu. Kwa wengine walikuta maambukizi ya bakteria kwenye damu, chikungunya, na maradhi ya kutoka kwa wanyama: leptospirosisi, homa ya Q, brusela, na homa za rikesia zinazoletwa na kupe. Mtu wa Masama anajua maana yake. Huku ng'ombe na mbuzi wanafugwa zizini, hatua chache kutoka mlango wa jikoni, na mbuzi akizaa anazalishwa kwa mikono mitupu. Mimi nimezaliwa kwenye kihamba, shamba la nyumbani la namna hiyo, na bado nilikuwa naandika malaria hata kipimo kikisema hakuna. Utafiti uliotoka mbali kwa picha ya simu niliukumbatia bila kuusoma, na huu wa jirani uliokuwa ukinihusu moja kwa moja sikuwahi hata kuutafuta.

Watu wa tiba tunapenda kusema hatuna nafasi ya kupata majarida. Zamani ilikuwa kweli. Leo PubMed inafunguka kwenye simu yoyote yenye bando, na tangu 2002 Shirika la Afya Duniani lina mpango wa Hinari, unaowezesha taasisi za nchi kama yetu kusoma maelfu ya majarida bure au kwa bei nafuu. Kilichobaki kuwa kigumu ni Kiingereza cha kitaalamu, na hilo silidharau. Tabibu aliyechoka baada ya zamu ya usiku akifungua kurasa kumi za takwimu atakimbilia hitimisho. Nilifanya hivyo. Ndiyo maana siku hizi nikifungua makala naanzia sehemu inayoeleza walioingizwa na walioachwa, kisha nakwenda kwenye kile kilicholinganishwa na kingine, na hitimisho nalisoma mwisho kabisa. Nikiona halimgusi mgonjwa aliye mbele yangu, narudi kwenye mwongozo wa taifa. Mwongozo umepitiwa na watu waliosoma tafiti nyingi pamoja, si moja.

David Sackett, mmoja wa waasisi wa tiba inayotegemea ushahidi, aliandika na wenzake mwaka 1996 katika British Medical Journal kwamba tiba ya namna hiyo ni kuunganisha ushahidi bora wa utafiti na ujuzi wa anayetibu. Usiku ule mwenye ujuzi alikuwa muuguzi. Alikuwa amewaona watoto wa kuharisha wengi kuliko mimi, na alichokuwa akikifanya kilikuwa na ushahidi wa miongo mingi nyuma yake. Nililitumia neno utafiti kumnyamazisha mtu aliyekuwa sahihi kwa mujibu wa utafiti.

Nimeshakwenda kwake kumwomba radhi. Nimekwenda pia kwa mama wa mtoto, nikamweleza kilichotokea tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza, "Kwa hiyo yule sista ndiye aliyekuwa anasema kweli?" Nikamjibu ndiyo. Hakunipa jibu la kunisamehe, na sikumdai.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kulimaliza peke yangu. Ile picha niliisambaza mimi, nayo imekwenda kwa watu nisiowajua. Kama bado iko kwenye simu yako, iwe ulipewa na mimi au na mwingine, tafadhali ifute, kisha ufungue makala yenyewe ya FEAST na usome aya ya walioachwa nje. Na mtoto anayeharisha akiletwa kwako usiku huu akiwa na macho yaliyozama, mikono baridi na ngozi isiyorudi, na hana utapiamlo mkali, mpe Mpango C bila kuchelewa.