Baba, tutaenda Nairobi lini?

Nguo zetu tunaanika juu kabisa ya ghorofa tunamoishi hapa Mowlem. Hewa ikiwa safi, ukisimama kati ya kamba unaona upande mmoja moshi wa jalala la Dandora, na upande mwingine, mbali, majumba marefu ya katikati ya jiji. Siku moja mwezi Aprili binti yangu wa miaka saba alikuwa amenishikia kikapu cha vibanio. Akanyoosha kidole kuelekea kwenye majumba yale, akaniuliza, "Baba, tutaenda Nairobi lini?"

Nikamwambia Nairobi ndiyo hii tuliyomo. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hapa ni Mowlem."

Neno lile lilinikaa kooni. Mtoto huyu alizaliwa katika jiji hili na cheti chake kinasema hivyo. Lakini aliyemfunza kwamba Nairobi iko kwingine ni mimi. Sisi watu wa Eastlands husema "naenda tao" kama mtu anayevuka mpaka. Tunakwenda kutafuta riziki, kununua sare za shule, kupanga foleni ya karatasi fulani, kisha tunakimbilia matatu kabla mvua haijanyesha na nauli kupanda maradufu. Ni kama kilomita 10 tu. Kwa miaka 11 nimekuwa nikiwaambia watu tukutane Archives, jengo la Nyaraka za Taifa katikati ya jiji, nikasimama pale nje karibu na sanamu ya Tom Mboya, nikawasubiri, nikaondoka nao. Ndani ya jengo lile kuna kazi za sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa nchi hii, zikaachwa zitazamwe na umma. Umma ni mimi pia, lakini sijawahi kuvuka mlango ule.

Usiku ule mimi na mama watoto tuliamua: likizo ya Agosti, siku mbili, tulale usiku mmoja, na mahali penyewe ni Nairobi. Miaka miwili nyuma niliwaahidi Mombasa. Karo ikaimeza Mombasa, na mwanangu wa kiume akabaki na kaptura ya kuogelea ambayo sasa haimtoshi. Hajawahi kuitaja. Afadhali angenilaumu.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa na sehemu saba. Twiga kule Lang'ata, ngoma za Bomas, msitu wa Karura ambao Wangari Maathai alipigwa akiutetea mwaka 1999, na mengine, yote kwa siku mbili. Mke wangu aliisoma karatasi akanirudishia. "Hii ni ratiba ya makanga, si ya watoto." Alikuwa sahihi. Safari za jiji hili hupimwa kwa foleni, kilomita si hoja. Lang'ata iko upande wake na Karura upande wake, na kati yake watoto wangeona migongo ya viti tu. Tukafuta kila kitu kisichofikika kwa miguu kutoka Stesheni, pale treni za jiji zinapoishia. Niliumia kuifuta Karura. Lakini nilipoifuta niliona kwamba orodha ile ndefu nilikuwa nimeiandika kwa ajili ya deni langu la Mombasa, wala si kwa ajili yao.

Baada ya hapo nikaanza kuwauliza, jambo ambalo lilipaswa kutangulia. Mwanangu alitaka simba. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ya kwanza kutengwa nchini, mwaka 1946, inahitaji gari, na gari hatuna. Nikamweleza kwamba katika Makumbusho ya Reli, hatua chache kutoka Stesheni, kuna behewa ambalo simba aliliingia usiku kule Kima mwaka 1900, akamtoa afisa wa polisi aliyeitwa Ryall na kutoweka naye gizani. Akanyamaza. Kisha akauliza kama mlango wa lile behewa bado upo. Simba wa mbuga akasahauliwa. Kwa hiyo tutaondoka Ijumaa asubuhi kwa treni ya abiria kutoka stesheni ya Dandora, tusimame tumebanana na wanaokwenda kazini, tupite Mutindwa na Makadara. Watoto wangu hawajawahi kupanda treni.

Binti alitaka kupanda KICC, jengo la ghorofa 28 lililokamilika mwaka 1973, ambalo amekuwa akiliona tangu alipoweza kusimama peke yake kati ya zile kamba. Jumamosi ni Makumbusho ya Taifa, akamwone tembo Ahmed wa Marsabit, aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta na akafa mwaka 1974.

Mama yao nilikaribia kumsahau. Nilishapiga hesabu kwamba tukirudi kulala nyumbani tutaokoa shilingi 5,000 kati ya 15,000 zetu. Akasema polepole, bila kunitazama, "Mimi nataka kuamka mahali ambapo sitawasha jiko." Katika ndoa yetu nzima hajawahi kuamka mahali kama hapo. Hata tukienda kwetu mashambani, wa kwanza kuamka ni yeye. Siku iliyofuata nilipita gesti tatu upande wa Ngara, nikauliza maji moto, nikauliza kama usiku kuna kelele za baa, na swali nililolirudia kuliko yote ni kama chai ya asubuhi ipo na nani anaipika. Nikalipa kabla sijafika nyumbani.

Nimeongeza kituo kimoja tu cha kwangu, Maktaba ya McMillan. Ilifunguliwa mwaka 1931, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Nataka wanangu wapande zile ngazi, wapite kati ya simba wawili wa mawe, waketi wafungue kitabu chochote.

Jana usiku mifuko ilikuwa tayari mlangoni. Mama yao alikuwa akipiga pasi gauni la manjano. Binti akaja akasimama kando yake.

"Tukifika huko wakituuliza tumetoka wapi, tuseme nini?"

"Semeni Mowlem."

"Halafu watatuacha tuingie?"

Mama yake akamjibu ndiyo. Mtoto akauliza tena, na mara hii mama yake aliweka pasi chini kwanza, kisha akamjibu.