Nati Chini ya Goti



Anayeendesha chukudu hapa Goma huweka goti moja juu ya ubao, na mguu wa pili ndio unaosukuma. Chini ya goti hilo hufungwa kipande cha mpira, mara nyingi kilichokatwa katika tairi kuukuu au kandambili zilizochakaa. Hakuna anayekisifu. Lakini kikilegea kwenye mteremko wa kutoka Kibumba, chombo kikiwa kimebeba magunia ya viazi, goti huteleza, mikono huvuta usukani upande mmoja, na mzigo wote hufuata. Ndiyo sababu sisi wa kikundi cha walei, tunaotumia chukudu moja kuwapelekea wazee wa parokia maharagwe na makala, hukiangalia kipande hicho kabla ya kuangalia magurudumu.

Njia zetu ndizo zinazolegeza. Mnamo Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kuliharibu hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Mitaa mingi leo imelala juu ya mawe yale meusi. Gurudumu la mti likipita hapo, kila jiwe hutikisa nati kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona. Mtikisiko mmoja haufungui kitu; maelfu yake hufungua. Mti nao una yake. Ubao wa mkaratusi uliopasuliwa ungali mbichi hukauka na kunywea, na nati iliyobana vizuri hujikuta haibani chochote, ingawa yenyewe haijageuka hata kidogo.

Wengi hudhani dawa ni kukaza kwa nguvu zaidi. Fundi aliyetutengenezea chukudu alitukataza. Ukizidisha nguvu, chuma huzama katika mti, nyuzi zake huvunjika, na baada ya siku mbili pamelegea kuliko mwanzo. Yeye huweka kisahani kipana cha chuma chini ya nati ili mbano uenee. Kisha huongeza nati ya pili juu ya ile ya kwanza, akazishika kwa spana mbili na kuzikaza zikabane zenyewe kwa zenyewe, hata moja isiweze kugeuka bila mwenzake. Majuma ya kwanza hurudia kukaza mara kwa mara, mpaka mti ukauke. Jambo hilo la mwisho ndilo vijana hatulipendi, maana halina mwisho wa kujivunia.

Tumeyaona hayo katika mafungo yetu pia. Kijana hutoka katika mafungo ya Kwaresima amekaza kila kitu kwa siku moja: ahadi kumi, machozi, daftari jipya. Machozi hayo hatuyadharau. Hata hivyo tunamtumainia zaidi yule anayetafiti dhamiri yake dakika chache kila jioni, naye ana rafiki mmoja asiyeogopa kumwambia ukweli.

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui alizaliwa katika mji huu mwaka 1981. Alikuwa mwanajumuiya wa Sant'Egidio, na kazi yake ilikuwa ukaguzi wa bidhaa zinazovuka mpaka. Alipewa fedha ili aruhusu vyakula vilivyoharibika vipite. Akakataa, na Julai 2007 akauawa. Alitangazwa mwenyeheri huko Roma tarehe 15 Juni 2025. Watu hupenda kusimulia saa yake ya mwisho. Sisi hutufikirisha zaidi jioni za kawaida zilizoitangulia: sala ya pamoja, watoto wa mitaani aliowahudumia. Hongo haiji kama volkano. Huja kama jiwe la njiani, leo dogo, kesho dogo tena.

Fundi alituachia pia alama. Kwa rangi nyeupe alichora mstari mmoja, ukapita juu ya nati zote mbili na kuendelea hadi kwenye ubao. Mstari ukinyooka, nati hazijageuka; ukikatika, zimeanza kusogea, hata kama mkono bado haujahisi. Kwa kuwa mstari hauwezi kuonyesha kunywea kwa mti, mpira wenyewe tunautikisa pia. Kila Jumamosi, kabla ya kupakia maharagwe, mmoja wetu hupiga magoti kando ya chukudu, akafuta vumbi jeusi na kuutazama. Juma lililopita ulikuwa umekatika upande wa kushoto, kwa upana wa ukucha. Tukaenda kutafuta spana ya pili.